Sahani za chapa za zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nyumba nyingi za zamani za pwani zina kabati ambalo watoto hukatazwa kuligusa. Ndani yake mna sahani za buluu na nyeupe, mabakuli mawili matatu ya maua, na pengine buli lililopoteza mfuniko. Nikienda kutembelea jamaa, vyombo hivyo ndivyo ninavyoulizwa: ni vya lini, vimetoka wapi, tule navyo au tuviache? Haya hapa majibu ninayoyatoa. Nazungumzia hasa vyombo vya chapa vya Uingereza vya karne ya 18 na 19, na ndugu zao wa Maastricht, Uholanzi, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyoingia kwetu kwa wingi.

Sahani ya chapa ni sahani gani?

Ni sahani ambayo picha yake haikuchorwa na mkono wa fundi juu ya udongo. Ilichongwa kwanza kwenye bamba la shaba, ikachapwa kwenye karatasi nyembamba, kisha ikahamishwa kutoka kwenye karatasi kuja kwenye chombo. Bamba moja liliweza kutoa picha ileile mara nyingi sana. Ndiyo maana familia ya kipato cha kati iliweza, kwa mara ya kwanza, kununua sahani kumi na mbili zinazofanana. Kabla ya hapo kila moja ilihitaji mchoraji wake, na bei ilikuwa ya matajiri.

Kazi yenyewe ilifanywaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu ukishaijua kazi, sahani inaanza kukueleza mambo yake yenyewe.

Mchongaji alichimba picha kwenye shaba kwa mistari na vitone. Palipochimbwa kina kirefu palibeba rangi nyingi na kutoka peusi zaidi; palipoguswa kidogo palitoka hafifu. Angani mwa picha, majini, kwenye manyoya ya ndege, kivuli chote unachokiona ni tofauti ya kina cha chuma.

Bamba lilipashwa moto. Rangi ilikuwa unga wa madini uliokorogwa na mafuta mazito yaliyochemshwa, ikapakwa bamba zima na kushindiliwa ndani ya michoro, halafu uso wa shaba ukakwanguliwa na kupanguswa hadi rangi ibaki mashimoni tu. Juu yake ililazwa karatasi laini iliyoloweshwa maji ya sabuni, vyote viwili vikapitishwa kwenye mashine ya magurudumu mazito, na karatasi ikabanduliwa ikiwa na picha mbichi.

Hapo kazi ilihamia kwa wanawake. Msichana, mara nyingi mdogo kabisa, aliikata karatasi kwa mkasi kufuata ukingo wa picha: kipande cha katikati peke yake, vipande vya pindo peke yake. Mwanamke mwenye uzoefu alivipanga juu ya sahani iliyokwisha kuchomwa mara moja tu, ambayo bado ilikuwa kavu, isiyong'aa, inayofyonza maji kama chaki. Alivisugua kwa burashi ngumu hadi rangi ikanyonywa na udongo. Kisha sahani ilitiwa majini, karatasi ikalegea na kuondoka, na picha ikabaki, kwa sababu mafuta ya rangi hayakubali maji. Ikachomwa kwa moto wa wastani ili mafuta yaungue, ikachovywa kwenye uji wa unga wa kioo, ikarudishwa tanurini. Ilipotoka ilikuwa inang'aa, na picha imefungiwa chini ya kioo, pasipoweza kufikiwa na kisu wala sabuni.

Wanawake hao hawakuandika majina yao popote. Lakini mikono yao inaonekana, kama nitakavyoeleza.

Nitajuaje kama yangu ni ya chapa, au imechorwa kwa mkono?

Tafuta mshono. Karatasi ya pindo ilikuja kwa vipande, na vipande lazima vikutane mahali. Izungushe sahani polepole karibu na dirisha ukiufuata ukingo kwa macho.

Sahani ya bibi yangu, ninayoiandikia haya ikiwa mbele yangu mezani, ni ya buluu hafifu kama anga la asubuhi. Katikati kuna ndege wawili wenye mikia mirefu juu ya matawi ya maua. Ni nakshi iitwayo Asiatic Pheasants, iliyotengenezwa na viwanda vingi vya Uingereza katikati ya karne ya 19, hivyo si adimu. Pindo lake ni maua makubwa. Ukienda upande wa kushoto, utakuta ua moja limekatwa katikati, na nusu yake ya pili haipo: pameunganishwa jani lisilo lake. Karibu na hapo karatasi ilijikunja, ikaacha mstari mweupe mwembamba kama uzi. Nilikula wali katika sahani hiyo miaka mingi bila kuliona. Siku nilipoliona nilimfikiria yule mwanamke, mikono ina sabuni, sahani nyingine zinamsubiri, anagundua kipande hakikutosha, anatafuta jani la kuzibia pengo.

Mbali na mshono, tumia kioo cha kukuzia. Chapa itakuonyesha mistari myembamba na vitone, yote ya unene uliopangwa. Brashi huacha mkokoto wa rangi, mnene pale mkono ulipoanza na mwembamba ulipoishia. Na kama unaona vitone vidogo mno vya rangi tatu nne vilivyochanganyika, kama picha ya gazetini, hiyo ni picha ya kubandika ya karne ya 20. Pengine utaihisi kwa kidole ikiwa imeinuka kidogo juu ya kioo.

Kwa nini karibu zote ni za buluu?

Kwa sababu ya moto. Rangi iliyo chini ya kioo lazima istahimili joto linalozidi nyuzi 1,000, na kwa muda mrefu madini yaliyoweza kazi hiyo kwa uhakika yalikuwa kobalti, ambayo hutoa buluu. Kijani, waridi, kahawia na zambarau zilienea kuanzia miaka ya 1820 na 1830, mafundi walipojifunza michanganyiko mipya. Kuna pia buluu iliyoyeyuka makusudi: waliweka kemikali ndani ya tanuri ili rangi itiririke kidogo kwenye kioo, picha ikatoka na ukungu. Ukiona sahani ambayo buluu yake imesambaa hadi kwenye weupe, usidhani fundi alikosea. Watu waliilipia.

Nyumbani tunaziita sahani za Kichina. Tunakosea?

Kwa sehemu. Wachina ndio walioanza: kaure yao nyeupe yenye buluu, yaani vyombo vigumu vya udongo mweupe laini, ilifika pwani yetu karne nyingi kabla ya sahani ya Mwingereza, na ndiyo iliyopachikwa kwenye makaburi ya nguzo kama lile la Mambrui, Kenya, na yale ya Kunduchi, Tanzania. Wazungu walikuwa wanaiga. Lakini chombo kilichomo kabatini mwako, kama ni cha karne ya 19, kina nafasi kubwa ya kuwa cha Ulaya.

Kiinue kwenye mwanga wa jua na uweke vidole nyuma yake. Kaure nyembamba ya kweli hupitisha mwanga na utaona kivuli cha vidole. Udongo wa chapa hauonyeshi kitu. Kigonge taratibu kwa ukucha: kaure hulia kama kengele ndogo, udongo hutoa sauti fupi na nzito. Kama kimemegeka mahali, angalia jeraha lake. La kaure huwa laini na linang'aa kama kioo kilichovunjika, la udongo ni kavu kama chaki na hushika uchafu.

Ile picha ya mti, daraja, watu watatu na ndege wawili angani ina maana gani?

Hiyo inaitwa Willow, nakshi mashuhuri kuliko zote. Utaambiwa ni hadithi ya kale ya China: binti wa tajiri alimpenda karani wa baba yake, wakatoroka wakipita darajani, baba akiwafukuza na kiboko, mwisho wakafa na kugeuka njiwa. Ni hadithi tamu, nami nilisimuliwa nikiwa mdogo.

Lakini si ya China. Nakshi ilibuniwa Uingereza karibu mwaka 1790, kwa kuchanganya vipande vya michoro ya Kichina iliyokuwa ikipendwa wakati huo. Hadithi ilikuja baadaye, ikatungwa huko huko Uingereza kuifuata picha, na ikasaidia sana kuuza sahani. Sioni kama hilo linaipunguzia chochote. Watoto wa vizazi kadhaa wamemaliza chakula chao ili waione picha iliyo chini ya mchuzi, na hiyo nayo ni historia ya kweli.

Vyombo hivi vilitengenezwa wapi?

Kitovu ni Staffordshire, katikati ya Uingereza, kwenye miji sita iliyoungana leo kuwa Stoke-on-Trent: Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton. Palikuwa na makaa ya mawe chini ya miguu yao. Udongo mweupe uliletwa kwa meli kutoka Cornwall na Devon, na mfereji wa Trent na Mersey, uliokamilika 1777, ukarahisisha kuuingiza udongo na kuvitoa vyombo bila kuvunjika njiani kwenye barabara za mashimo.

Si Staffordshire iliyoanza, hata hivyo. Mwaka 1756 John Sadler na Guy Green wa Liverpool waliapa kwamba kwa muda wa saa sita wamechapa vigae zaidi ya 1,200. Chapa yao ilikaa juu ya kioo na iliweza kuchakaa. Josiah Spode wa Stoke ndiye anayetajwa kuikamilisha chapa ya buluu chini ya kioo kwenye udongo wa kawaida, karibu mwaka 1784. Nakshi ya Blue Italian, iliyotoka kiwandani mwa Spode 1816, haijaacha kutengenezwa hadi leo.

Maastricht inahusu pwani yetu moja kwa moja. Petrus Regout alianzisha ufinyanzi wake huko 1836, akiwaiga Waingereza waziwazi na kuuza kwa wingi ng'ambo. Kiwanda hicho baadaye kiliitwa De Sphinx. Jirani na mshindani wake alikuwa Société Céramique. Ukipindua bakuli ukaona sanamu ya simba mwenye kichwa cha binadamu na neno Maastricht, umepata jibu.

Zilifikaje kwetu?

Zilikuja na biashara ya Unguja. Wamarekani walitia saini mkataba na Sayyid Said, sultani aliyetawala Unguja, mwaka 1833, Waingereza 1839, Wafaransa 1844, na wafanyabiashara wa Kijerumani wa Hamburg na wenzao wakafuata 1859. Meli zilikuja kuchukua pembe za ndovu, karafuu na sandarusi (utomvu mgumu wa miti), nazo hazikuja tupu: nguo, shanga, bunduki, shaba, na vyombo vya udongo. Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa 1869 na meli za barua kuanza safari za Unguja 1872, njia ilifupika.

Kuna jambo linalonigusa hapa. Waingereza walizitengeneza sahani hizi za kulia chakula. Sisi tulizipandisha ukutani. Nyumba kubwa za Lamu, Pate na Unguja zilikuwa na vidaka vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu, na ndani yake vyombo vya kaure na vya udongo viliwekwa vitazamwe. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Unguja 1844, aliueleza upambaji huo wa vyombo na vioo ukutani katika kumbukumbu zake za mwaka 1886. Kwa hiyo ukikuta sahani ina tundu dogo lililotobolewa kwenye kitako, au mabaki ya kamba, usiione kama imeharibiwa. Mtu aliitundika. Tundu hilo ni la kwetu, na kwangu linaifanya sahani iwe ya Lamu au ya Unguja kuliko alama yoyote ya kiwanda.

Hatuwezi kuitaja biashara hiyo bila kuwataja walioibeba mabegani. Mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa, na pembe zilishuka pwani katika misafara iliyoandamana na watu waliofungwa. Sahani nzuri ya mwaka 1860 imepitia mkondo huo wa fedha. Ninaipenda, na sisahau.

Bakuli la bibi lina maua makubwa mekundu na majani ya kijani, halina mistari myembamba. Nalo ni la chapa?

Hapana, hilo lina ufundi wake. Fundi alikata sifongo kwa umbo la ua, nyota au jani, akalichovya rangini na kuligonga juu ya bakuli, ua baada ya ua, kama mtoto anavyogonga muhuri wa kiazi. Mistari ya ukingo ilizungushwa kwa brashi chombo kikiwa kwenye gurudumu. Mabakuli haya yalitoka Scotland, Staffordshire na Maastricht. Yalikuwa ya bei nafuu kuliko ya chapa, na pwani yetu ilipenda rangi zake kali. Kusema kweli, kwa kila sahani ya chapa ninayoonyeshwa, naonyeshwa mabakuli kadhaa ya namna hii. Wauzaji wengi huyadharau. Mimi nayaona kuwa ndiyo vyombo vya watu wa kawaida vya wakati wake, na machache yamebaki mazima kwa kuwa yalitumika kila siku.

Alama iliyo nyuma inasema nini?

Mengi, ukiisoma kwa utaratibu. Jina lililoandikwa kwa mapambo katikati mara nyingi ni la nakshi, si la kiwanda. Kiwanda huweza kuwa herufi mbili tatu tu chini yake. Usikimbilie kutafuta "Asiatic Pheasants" kana kwamba ni jina la mtu.

Alama ya umbo la almasi, yenye herufi na tarakimu kwenye pembe zake, inaonyesha kwamba mchoro au umbo liliandikishwa serikalini kati ya 1842 na 1883. Kileleni utaona IV ndani ya duara, nambari ya kundi la vyombo vya udongo. Herufi ya mwaka ilikaa juu, chini ya duara hilo, hadi 1867, na upande wa kulia kuanzia 1868. Ni tarehe ya kuandikisha, kwa hiyo sahani yenyewe yaweza kuwa ya miaka kadhaa baadaye. Kuanzia 1884 almasi iliachwa, ikaja nambari ya kuandikishwa inayotanguliwa na Rd No. Nambari hizo zilianza na moja, na kufika mwaka 1900 zilishavuka 350,000.

Neno England peke yake kwa kawaida ni la 1891 na kuendelea, kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa zitaje nchi zilikotoka. Made in England mara nyingi ni ya karne ya 20. Na tarakimu kama 1836 iliyochapwa ndani ya alama karibu kila mara ni mwaka wa kuanzishwa kwa kiwanda. Hilo limewavunja moyo wengi.

Kuna viwanda vilivyotengeneza kwa ajili ya Asia ya Kusini-Mashariki, J. & M. P. Bell wa Glasgow akiwa mmoja wao, vikaandika jina la nakshi kwa herufi za Kiarabu. Lugha ni Kimalei. Mzee mmoja aliniletea sahani akiamini nyuma yake kuna aya. Tulikaa naye tukaisoma herufi kwa herufi, isilete maana ya Kiarabu hata kidogo.

Yangu haina alama. Ni bandia?

La. Vyombo vingi vya mwanzo havikupigwa alama kabisa, na katika seti vipande vidogo viliachwa. Angalia badala yake vitone vitatu vidogo vikavu nyuma au ukingoni: hapo sahani iliegemea vigingi vya udongo tanurini ili isigandamane na nyenzake. Angalia kitako kama kimesuguliwa na miaka ya mezani, mikwaruzo ikielekea kila upande. Mikwaruzo iliyonyooka upande mmoja imetengenezwa na msasa.

Naweza kulia chakula?

Kwa kila siku, hapana, na hapa naomba unisikilize. Kioo cha vyombo hivi kilikuwa na madini ya risasi. Wafanyakazi wa viwandani, wanawake wakiwamo, waliugua kwa sumu yake. Kioo kizima hushikilia risasi vizuri, lakini kilichochakaa au chenye vijiufa kama utando wa buibui huiachia, hasa kikikutana na kitu kichachu: ndimu, siki, ukwaju, achari, mchuzi wa nyanya. Moto nao huongeza. Usihifadhi chakula humo usiku kucha, usitie kwenye maikrowevu, na usimlishie mtoto wala mjamzito. Tende au biskuti kwenye sahani nzima isiyo na nyufa, siku ya Idi, sina neno.

Nisafisheje?

Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, kitambaa. Tandika taulo ndani ya beseni la plastiki na uoshe chombo kimoja kimoja. Kausha kwa siku mbili kabla ya kukirudisha kabatini, kwa maana udongo wenye nyufa hunywa maji na hewa ya pwani haikaushi haraka.

Usitumie dawa ya kung'arisha nguo. Nililitenda kosa hilo mwenyewe kwa kombe, yaani sahani kubwa, la shangazi yangu lililokuwa na madoa ya kahawia. Nilililoweka usiku mmoja, asubuhi likatoka jeupe, nikafurahi. Baada ya wiki kadhaa unga mweupe ulianza kuchomoza kwenye vijiufa, kisha kioo kikaanza kubanduka kwa magamba madogo, kikiondoka na buluu. Dawa ilikuwa imeingia chini ya kioo, na chumvi zake zilipokauka zilitanuka na kukisukuma nje. Hakuna namna ya kulirudisha. Doa la kahawia lingekaa miaka mia nyingine bila madhara.

Imevunjika. Na nyingine ina pini za chuma nyuma, kama imeshonwa.

Kusanya vipande vyote, hata punje, funga kila kimoja kwa karatasi laini, weka kwenye boksi. Usikimbilie gundi kali ya dukani: hushika kwa sekunde, mara nyingi ikiwa imekaa kombo, na kuiondoa ni kazi. Wataalamu hutumia gundi inayoweza kuyeyushwa baadaye.

Ile iliyoshonwa iache kama ilivyo. Kabla ya gundi za kisasa, fundi alitoboa vishimo upande huu na huu wa ufa bila kupenya hadi mbele, akatia pini za chuma zilizokaza vipande pamoja. Ni ufundi ulio nadra siku hizi. Pia unakuambia kwamba kulikuwa na mtu aliyeona ni afadhali kulipa fundi kuliko kuitupa.

Ina thamani gani sokoni?

Pengine ndogo kuliko unavyotarajia. Umri peke yake haupandishi bei. Willow na Asiatic Pheasants zilitengenezwa kwa wingi mno, na sahani moja ya kawaida haitajenga nyumba. Kinachotafutwa ni makombe makubwa, maumbo yasiyo ya kawaida, nakshi zilizotolewa kwa muda mfupi, na rangi iliyokolea isiyo na ufa. Wamarekani hulipa vizuri kwa sahani za buluu nzito za miaka ya 1820 zenye mandhari ya nchi yao, zilizotengenezwa Staffordshire na watu kama Enoch Wood.

Jihadhari na anayekuja mlangoni kununua "vyombo vya zamani" kwa mkupuo. Kabla ya kutaja bei piga picha mbele na nyuma ya kila kimoja, uulize watu wawili wasiofahamiana.

Naruhusiwa kuzipeleka nje ya nchi? Na vile vipande tunavyookota ufukweni?

Kenya, chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, huhesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na kukitoa kunahitaji kibali. Ona kwamba sheria inasema *kuingizwa*: sahani ya Uingereza nayo imo. Tanzania Bara na Zanzibar zina mamlaka zao za mambo ya kale; uliza kabla ya kufunga mzigo.

Kipande kilichosukumwa na maji ufukweni ni kidogo na kimelainika kama peremende. Lakini usiokote kwenye magofu, iwe Gede, Kilwa Kisiwani au penginepo. Kipande kilicho ardhini humsaidia mtafiti kujua tabaka hilo ni la miaka gani. Kikiingia mfukoni mwako hakimwambii mtu kitu.

Bado kuna mahali wanachapa kwa njia ya zamani?

Burslem, kwenye kiwanda cha Middleport, kampuni ya Burleigh bado wanahamisha picha kwa karatasi nyembamba na mkono. Makumbusho ya Stoke-on-Trent yana mkusanyiko mkubwa sana. Kwetu, nenda Fort Jesus, Mombasa, na Makumbusho ya Lamu, ambako utaona pia vyombo vilivyotangulia hivi.

Mama anataka kugawa seti kwa watoto wanne. Tufanyeje?

Gaweni, lakini kwanza mketi naye siku moja na vyombo vyote juu ya mkeka. Mwacheni aseme kila kimoja kilitoka kwa nani, kilikuja na harusi gani, nani alikivunja mpini na mwaka gani. Andikeni kwa penseli kwenye vikaratasi na kuvitia ndani ya kila chombo, bila gundi wala selotepu. Mimi nilichelewa. Ninalo buli la bibi, najua tanuri lililolichoma lilikuwa Staffordshire, lakini hakuna aliye hai anayeweza kuniambia lilifikaje Tanga.